Kasumbalesa: « Connexion hakuna » iko na maana gani?

Kwenye mpaka wa Kasumbalesa, neno « connexion hakuna » linaweza kusimamisha makamyo ya shaba kwa masaa. Dereva anangoja, mwenye mzigo anaendelea kulipa. Lakini neno hilo moja linafunika matatizo tofauti, juu programu ya duane inafanya kazi kwa matabaka, sawa nyumba ya ghorofa.

Programu hiyo ni SYDONIA World, iliyotengenezwa na CNUCED, shirika la Umoja wa Mataifa. DGDA inaitumia kupokea matamko ya mizigo na kuhesabu ushuru.

Chini kabisa kuna umeme, kisha kompyuta yenyewe. Juu yake kuna mfumo endeshi, kama Windows ao Linux. Ndipo inakuja Sydonia. Tamko likiisha kujazwa, rezo inalibeba mpaka kwenye seva, na seva inaliweka mahali data zote zinatunzwa.

Sheria ya matabaka ni hii: kila moja linaomba kazi kwa lile la chini yake, bila kujua linafanyaje. Sydonia ikitaka kuandika kwenye diski, inaomba mfumo endeshi. Ndiyo maana ofisi inaweza kununua kompyuta ya aina ingine bila programu kuandikwa upya.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1968, Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza mfumo endeshi uitwao THE, uliojengwa Eindhoven. Kila tabaka lilipimwa kwanza, ndipo lingine likawekwa juu yake. Kosa likitokea, walijua pa kutafuta.

Ubaya wake: la chini likianguka, yote ya juu yanasimama.

Kwa hiyo, wakala wa duane, yule watu wanaita déclarant, anaweza kuuliza vizuri zaidi. Kioo cheusi? Ni umeme ao kompyuta. Hata WhatsApp haipite kwa rezo ile ile? Rezo ndiyo imekatika. Kurasa zingine zinafunguka, lakini Sydonia tu inakataa? Basi shida inaweza kuwa upande wa seva, na kuzima na kuwasha kompyuta hakutasaidia.

Rezo ikikatika, kujaza tamko kunaweza kuendelea kwenye kompyuta. Kulisajili ndiko kunangoja seva. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza wakati zaidi.