Karavani na watoto wadogo: mambo ya kukagua kabla ya kuondoka nyumbani

Likizo za shule zinapowadia, barabara za Australia hujaa karavani: trela zenye vitanda, jiko na maji, zinazovutwa na gari la familia. Mzazi anayekodi karavani kwa mara ya kwanza huiona kama nyumba ndogo. Kwa usalama wa mtoto, fikra hiyo haitoshi. Nyumbani jiko liko mbali na kitanda. Humu huenda vikatenganishwa na hatua mbili tu, na hewa iliyomo ni kidogo mno.

Tuanze na hewa hiyo, kwani ndimo ilimo hatari isiyoonekana. Mkaa unaowaka, au kifaa cha gesi chenye hitilafu, hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huweza kulemewa pasipo kuamka. Wengi wetu tumekulia katika nyumba ambako jiko la mkaa liliingizwa ndani usiku wa baridi, na huko nako limeua watu. Katika chumba chembamba kama karavani, madhara huja upesi zaidi. Jiko la mkaa au la kuchomea nyama lisiingizwe kamwe, hata makaa yakionekana kuwa yamezimika.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni, pale pale mtoto anapotambaa. Ndiyo sababu karavani huwekewa matundu ya hewa upande wa chini, mara nyingi mlangoni. Baadhi ya wasafiri huyaziba ili vumbi lisiingie, kisha husahau kuyazibua. Vumbi ni afadhali. Vifaa vya gesi vikaguliwe na fundi mwenye leseni, na ndani kuwe na king'ora cha moshi pamoja na cha kaboni monoksidi. Jimbo la Queensland lilianza Julai 1, 2024 kudai king'ora cha moshi katika karavani zinazosajiliwa upya na zile zinazobadilisha mmiliki.

Kitanda cha ghorofa ndicho watoto hukigombania. Ushauri wa usalama wa bidhaa nchini Australia ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 9 asilale juu. Kiwango cha vitanda vya nyumbani, ambacho chafaa kufuatwa humu pia, hutaka ukingo upande angalau milimita 160 kutoka usawa wa godoro. Kwa hiyo ukiongeza godoro nene kwa ajili ya starehe, umeufupisha ukingo. Pima pia mianya: ulio kati ya milimita 95 na 230 huweza kupitisha mwili wa mtoto na kukinasa kichwa.

Kisha piga magoti, utazame kila kitu kwa usawa wa macho ya mtoto. Utaona kamba za mapazia, nyaya, kabati la sabuni, na rimoti zenye betri ndogo za duara. Betri hiyo ikimezwa huweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili. Usisubiri dalili: piga simu 13 11 26, Kituo cha Taarifa za Sumu, wakati wowote wa usiku au mchana. Mtoto akitokwa na damu au akipumua kwa shida, piga 000.

Gari likiwa mwendoni, sheria hairuhusu mtu yeyote kukaa ndani ya karavani, hata mtoto mchanga aliyelala. Watoto wadogo wakae garini kwenye viti vyao, na mkifika kambini wasifunguliwe mikanda mpaka karavani iwe imesimama na magurudumu yake yamewekewa vigingi. Wakati wa kurudi nyuma, mtu mzima mmoja asiwe na kazi nyingine ila kuwaangalia.

Asiyejimudu kwa Kiingereza anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili kupitia huduma ya TIS, nambari 131 450. Anayepiga 000 ataje kwanza huduma anayoihitaji, kisha lugha yake.