Salaita: Vita vinaonyeshwa, wapagazi hawaonekani

Lori la vitunguu lililovuka Holili likielekea Mombasa hupita karibu na kilima kidogo muda mfupi baada ya kuiacha Taveta. Madereva wengi hawapunguzi mwendo. Kilima hicho ni Salaita. Februari 12, 1916, jeshi la Uingereza, wengi wao vijana wa Afrika Kusini wasiovijua vita vya vichakani, walijaribu kuwang'oa hapo Wajerumani na askari wao Waafrika. Walitimuliwa siku hiyohiyo. Waliowasitiri wakati wa kurudi nyuma ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao Waafrika Kusini hao walikuwa wakiwadharau.

Wageni wanaokuja kuona uwanja huu wa vita huonyeshwa mabaki ya mahandaki na makaburi ya Taveta. Husikia pia habari za Smuts na von Lettow-Vorbeck. Ni hadithi tamu, lakini ni ya majenerali.

Wenzetu wameonyesha njia nyingine. Beamish, makumbusho ya wazi kaskazini mwa Uingereza, ina shamba lililopangwa kama lilivyokuwa miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili. Wafanyakazi huvaa nguo za enzi hiyo na kuwaeleza wageni jinsi familia ilivyoishi kwa kitabu cha mgawo wa chakula. Mgawo huo ulianza Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe, na haukuisha hadi 1954. Magendo nayo yalikuwepo, jambo ambalo wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufafanuliwa. Vita pale vinaelezwa kuanzia jikoni.

Taveta nayo ina jiko lake la kusimulia. Jeshi halikuwa na barabara, na mbung'o waliua farasi na ng'ombe, hivyo mizigo ilibebwa na watu. Mpagazi alitembea na kilo 25 hivi, mara nyingi bila viatu. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara kuliko risasi. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, ukapikwa nusunusu kwa kukosa kuni, muda na sufuria. Kwa upande wa Uingereza pekee wapagazi wapatao 95,000 walikufa. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao.

Jina lao tunalitaja kila tunapokwenda kununua bidhaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zimetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Hata reli ya Voi hadi Taveta, iliyoungana na ya Wajerumani pale Kahe, ilijengwa kwa ajili ya kubeba majeshi kabla haijabeba gunia la mfanyabiashara.

Sanamu ya Nairobi ina mpagazi pamoja na askari. Ya Dar es Salaam ina askari peke yake. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwaacha maelfu ya Waafrika bila kumbukumbu ya majina yao.

Je, maisha hayo yaigizwe Salaita? Nadhani inafaa, lakini kwa adabu. Wengi wa watu hao walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917, na si lazima kijana wa Taveta atwikwe sanduku kichwani ili mtalii apige picha. Kambi ya kupikia, unga, mizani ya mzigo na msimulizi anayejua lugha za wenyeji vingetosha kwa kuanzia. Tena msimulizi huyo atafutwe mapema, kwa sababu wazee waliosikia habari hizi kutoka kwa babu zao wamebaki wachache, upande wa Taita na upande wa Moshi pia.