Maumivu kuisha siyo kupona, muulize Diego Costa

DAKIKA tisa tu. Huo ndiyo muda ambao Diego Costa alikaa uwanjani kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Mei 24, 2014 jijini Lisbon, Ureno, kabla ya kutolewa.

Wiki moja nyuma, straika huyo wa Atletico Madrid alitoka mapema kwenye mechi ya kuamua ubingwa wa Hispania dhidi ya Barcelona. Tatizo lilikuwa nyama za paja, upande wa nyuma. Akakimbizwa Belgrade, Serbia, kusaka tiba ya haraka. Siku ya fainali jina lake likawemo kwenye kikosi cha kwanza.

Bei ya uamuzi ule ilikuwa kubwa. Kocha Diego Simeone alichoma nafasi moja kati ya tatu za kubadili wachezaji kabla mechi haijachangamka. Atletico waliongoza 1-0 hadi dakika ya 93, Sergio Ramos akasawazisha kwa kichwa. Kwenye dakika 30 za nyongeza beki wa kulia, Juanfran, alikuwa anachechemea na hakukuwa na wa kumpokea, nafasi zote zilishaisha. Real Madrid wakashinda 4-1. Simeone mwenyewe alikubali baada ya mechi kuwa jukumu la kumwanzisha Costa lilikuwa lake.

Sasa kama klabu yenye madaktari na vifaa vya kila aina ilidanganyika, je, kijana wa ndondo anayetegemea chupa ya dawa ya kuchua?

Nyama hizi ni zipi?

Nyuma ya paja kuna misuli mitatu inayoanzia kwenye mfupa wa makalio na kushuka hadi chini ya goti. Kazi yake ni kukunja goti na kusukuma paja kwenda nyuma.

Lakini kazi yake ngumu zaidi ni kufunga breki. Winga anapochomoka na kurusha mguu mbele, misuli hii inavutika kwa urefu wake huku ikijikaza kuuzuia mguu usipitilize. Inavutika na kukaza kwa wakati mmoja. Hapo ndipo inapochanika. Ndiyo maana unaona mchezaji hajaguswa na mtu, yuko kasi, ghafla anashika paja kwa nyuma kama aliyepigwa jiwe.

Madaktari wanaigawa hali hiyo kwenye madaraja matatu. La kwanza, nyuzi chache zimechanika, mchezaji anaweza kutembea, na mara nyingi anahitaji wiki moja hadi tatu. La pili, nyuzi nyingi zimechanika, anachechemea, na hapo tunazungumzia wiki nne hadi nane. La tatu, msuli umekatika au umeng'oka kwenye mfupa, na hiyo ni miezi mitatu au zaidi, wakati mwingine kwa upasuaji.

Mtego uko hapa

Baada ya siku chache uvimbe unapungua na maumivu yanaondoka. Mchezaji anatembea, anapanda ngazi, anakimbia polepole. Anamwambia kocha, "Niko poa, nipange."

Hadanganyi, kweli hasikii kitu. Lakini kutembea na kukimbia polepole hakuulizi msuli swali gumu. Pale palipochanika panajengwa upya taratibu, na kovu changa bado halina nguvu ya kufunga breki ya mtu anayekimbia kasi yake yote. Swali gumu linakuja siku ya mechi, mpira mrefu ukipigwa nyuma ya mabeki.

Utafiti wa UEFA unaofuatilia klabu kubwa za Ulaya tangu msimu wa 2001/02 unaonyesha picha nzima. Msimu wa kwanza, nyama za nyuma ya paja zilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Kufikia 2021/22 zilikuwa asilimia 24. Karibu jeraha moja kati ya matano ya aina hiyo lilikuwa la kujirudia, na zaidi ya theluthi mbili ya yaliyojirudia yalitokea ndani ya miezi miwili baada ya mchezaji kurejea uwanjani.

Kwa hiyo siku ya kurudi uwanjani ndiyo mwanzo wa kipindi cha hatari.

Mashabiki wa Liverpool wanalijua hili kupitia Michael Owen. Aprili 1999, akiwa na miaka 19, alichana msuli wa nyuma ya paja kwenye mechi na Leeds. Alirudi, akafunga sana, hata akabeba Ballon d'Or mwaka 2001. Lakini misuli iliendelea kumsumbua, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kuwa baada ya jeraha lile hakuwa tena mchezaji yuleyule. Kasi ndiyo ilikuwa silaha yake.

Ukiumia, fanya hivi

Toka uwanjani. Usijaribu "kuona kama itaachia". Dawa ya baridi ya kupuliza inapoza maumivu tu, haiungi nyuzi zilizochanika.

Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo. Usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Funga bandeji isiyobana kupita kiasi, kisha lala na kuinua mguu.

Kwa siku mbili tatu za mwanzo, achana na kukanda kwa maji ya moto, achana na kuchuliwa kwa nguvu, na achana na pombe. Hapo mchangani ndipo tunapoharibu zaidi. Mtu kaumia saa kumi jioni, saa moja usiku kuna jamaa anamminya paja kwa dole gumba. Damu inavuja zaidi ndani na jeraha linakua.

Ukisikia kitu kimekatika, ukaona rangi ya damu inashuka nyuma ya paja, ukagusa shimo kwenye msuli au ukashindwa kukanyaga, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kuhusu sindano ya kuua maumivu ili ucheze fainali ya Jumapili: maumivu ni kengele. Ukizima kengele, moto haujazimika.

Lini arudi?

Kalenda peke yake haitoshi. Mchezaji apite mitihani hii kwanza:

- Akibonyezwa pale alipoumia, hasikii maumivu.
- Akinyoosha mguu ulioumia, unafika sawa na mzima, na nguvu zinakaribiana.
- Amekimbia kwa kasi yake yote mara kadhaa, siku tofauti, bila kusita.
- Amefanya mazoezi kamili na wenzake, siyo kuzunguka uwanja peke yake.

Akishapita hapo, aanze na dakika chache kutoka benchi. Na mazoezi ya nguvu yaendelee hata baada ya kurudi.

Kinga haina gharama

Kuna zoezi moja halihitaji gym wala mashine. Piga magoti kwenye majani au mkeka, mwenzako akushikilie vifundo vya miguu kwa nyuma. Nyoosha mwili kuanzia magoti hadi kichwa, kisha jiachie mbele polepole kadiri unavyoweza, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja. Ukishindwa, jidake kwa mikono na urudi juu.

Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa timu zinazotumia zoezi hili hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa takriban nusu. Anza na awamu mbili za mara tano kwa wiki, ongeza taratibu. Litakuuma siku za mwanzo, kwa hiyo usilianze siku moja kabla ya mechi. Limo pia kwenye mpango wa FIFA wa kupasha misuli unaoitwa 11+, ambao unachukua kama dakika 20 tu.

Makocha wa mchangani, dakika hizo 20 mnazo. Na shabiki, ukiona staa wako yupo jukwaani na anatembea vizuri tu, usianze kumzomea daktari wa timu. Huenda hivi sasa yeye ndiye anayemlinda straika wako wa msimu ujao.