Mkalimani wa Viziwi: Kazi Iliyo Amana

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu yatueleza katika Sura Al-Imran, aya ya 41, kwamba Nabii Zakaria (A.S.) alipoomba alama kwa Mola wake, aliambiwa kuwa hatasema na watu siku tatu ila kwa ishara. Akawaashiria watu wake wamsabihi Mwenyezi Mungu asubuhi na jioni, nao wakafahamu. Wanazuoni wa fiqhi nao wakakubali kuwa ishara ya bubu ikifahamika hushika mahali pa matamshi yake, hata katika mikataba.

Je, kadhi au hakimu asipoifahamu ishara hiyo? Hapo ndipo ahitajikapo mkalimani. Akipunguza neno au akiongeza lake, mshitakiwa aweza kufungwa kwa jambo asilolikiri. Hospitalini huzisikia siri za mgonjwa, naye hana ruhusa ya kuzitoa. Hii ni amana.

Aidha, kazi hii hutaka elimu. Lugha ya ishara ina sarufi yake, na uso husema pamoja na mikono. Mwaka 1960, William Stokoe wa chuo cha Gallaudet, Marekani, alionyesha kitaalamu kuwa ishara za viziwi wa huko zina muundo wa lugha. Nchini Kenya, mradi wa kuitafiti lugha ya viziwi ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991.

Sheria nazo zikafuata. Ile ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliviagiza vituo vya televisheni kuweka mkalimani au maandishi katika taarifa za habari. Katiba ya mwaka 2010 ikaifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza, na ikampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo.

Hata hivyo, sheria haina mikono. Mikono ni ya watu. Katika Msikiti Mtukufu wa Makka, khutba ya Ijumaa hufasiriwa kwa ishara. Katika misikiti yetu mingi, kiziwi huitazama midomo ya khatibu ikicheza, kisha hurudi nyumbani bila mawaidha.

Enyi wazazi, kijana wenu akiuliza asomee nini, mtajieni na kazi hii. Na aliyeruzukiwa mtoto kiziwi ajifunze ishara mapema, kwani mtoto huyo naye ana haki ya kufundishwa dini na wazazi wake.

Wabillahi tawfiq.