Kompyuta Inanguruma? Tazama Feni ya Prosesa

Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari zetu hujaa. Mwanafunzi ameketi, vyeti vimeshaskaniwa, fomu imefika ukurasa wa mwisho. Mara kompyuta inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, kisha inazimika yenyewe. Mwenye duka anasema umeme umekatika, lakini taa bado inawaka. Kilichoizima ni joto, na ule mngurumo ulikuwa onyo.

Leo tunaeleza kelele hiyo inatoka wapi, na namna ya kubadili feni ya prosesa kwa feni tulivu bila kuharibu mashine.

Kwa nini feni inapiga kelele

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Nyingi za kompyuta za mezani huhesabiwa kutoa joto la wati 65 hivi zinapofanya kazi nzito. Kumbuka balbu ya zamani ya wati 60: ukiigusa ikiwaka, inakuunguza. Joto kama hilo hapa linatoka kwenye kipande kidogo kuliko kiganja cha mkono.

Juu ya prosesa hukaa kipozeo, yaani chuma chepesi chenye mapezi mengi membamba, na juu yake hukaa feni. Joto likipanda, kompyuta yenyewe huiongezea feni mwendo. Vumbi likiziba mapezi, hewa haipiti, joto halitoki, na feni hukimbia kwa nguvu zake zote. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi joto 100 hupunguza kasi ya kazi ili kujilinda. Joto likizidi, mashine hujizima.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba dawa ya kelele ni kuchomoa waya wa feni. Hiyo ni sawa na kuziba mdomo wa mbwa anayebweka wakati mwizi yuko mlangoni.

Sikiliza kwanza

Kunja gazeti liwe kama bomba, weka ncha moja sikioni, na nyingine ielekeze sehemu mbalimbali za kompyuta iliyofunguliwa kava. Usiguse kitu ndani. Mvumo mkubwa wa upepo maana yake ni joto na vumbi. Mkwaruzo au mlio mwembamba, hasa asubuhi mashine inapowashwa, ni dalili ya beringi iliyochoka. Mlio wa tik-tik huenda ni waya unaogusa mapanga ya feni, au diski ya kuhifadhia kazi inayoelekea kufa. Hapo nakili kazi zako mapema.

Kelele ikitoka kwenye boksi la umeme nyuma ya kompyuta, usilifungue. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi.

Safisha kabla ya kununua

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, na uipeleke nje. Zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, au kwa kipulizio. Usipulize kwa mdomo, kwani mate yana maji. Mara nyingi kelele huishia hapo na hela yako inabaki mfukoni.

Kuchagua feni tulivu

Kama beringi imekwisha, usafi hautoshi. Unapokwenda dukani, angalia mambo manne.

La kwanza ni ukubwa. Feni kubwa husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Duara la feni ya milimita 120 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 80. Na kanuni ya wahandisi wa feni inasema ukipunguza mizunguko kwa nusu, kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, tofauti ambayo sikio linaisikia wazi. Lakini pima nafasi kwa rula: kipozeo kirefu kitazuia kava lisifungwe.

La pili ni pini. Feni ya pini 4 huongezewa na kupunguziwa mwendo vizuri kulingana na joto. Ya pini 3 itazunguka, ila kwenye ubao mwingine itakimbia kwa kasi moja tu ya juu. Baadhi ya kompyuta za ofisini za Dell na HP zina plagi za kipekee, hivyo nenda na feni ya zamani mkononi.

La tatu ni beringi. Feni za bushi ni rahisi na ni tulivu zikiwa mpya, lakini huchakaa haraka kwenye joto. Za gololi hudumu zaidi, ingawa zina mlio kidogo. Zenye beringi za mafuta ni tulivu na hudumu. Bei yake pia imepanda.

La nne ni soketi ya prosesa, ikiwa unabadili kipozeo chote. Kwa prosesa za Intel, matundu ya LGA 1150, 1151, 1155 na 1156 yamepangwa sawa. Ya LGA 1700 ni tofauti.

Kuifunga

Kama feni imefungwa kwa skrubu juu ya kipozeo, badili feni peke yake. Upande wenye stika na mikono ya fremu ndiko upepo unakotokea, kwa hiyo ifunge ielekee kule ilikoelekea ya zamani.

Kama unatoa kipozeo kizima, iwashe kompyuta dakika chache kwanza ili grisi ya joto iliyo chini yake ilainike, kisha izime na uchomoe waya. Kizungushe taratibu kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kwenye prosesa za AMD zenye pini chini, prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda. Futa grisi ya zamani kwa kitambaa na spiriti isiyo na mafuta, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kisha funga kipozeo kwa kukaza pembe zinazotazamana kwa zamu.

Chomeka waya mahali palipoandikwa CPU_FAN. Ukichomeka kwingine, kompyuta nyingi hukataa kuendelea kuwaka zikidai hakuna feni.

Hakikisha

Washa, na hakikisha feni inazunguka. Washa upya ukibonyeza F2 au Delete, uingie kwenye ukurasa wa mipangilio, usome joto la prosesa. Likitulia kati ya nyuzi 35 na 55, umefaulu. Likipanda haraka kupita 80 wakati mashine haifanyi kazi yoyote, izime mara moja. Kipozeo hakijakaa sawasawa.

Sisi wa redio tunaujali utulivu kwa sababu maikrofoni haichagui, hunasa sauti ya mtangazaji na ya feni pamoja. Kwa mwenye steshenari, utulivu huo una maana nyingine: mashine imepoa, na fomu ya mtoto wa mwenzio itafika mwisho. Fanya kazi hii kiangazi hiki, kabla foleni haijaanza mlangoni.