Fahamu: Mawimbi ya mnara wa simu hupimwaje Mbagala?

Mbagala, Dar es Salaam, ambako mnara wa simu huweza kusimama ukuta kwa ukuta na nyumba za wapangaji, usalama wa mawimbi ya redio, yaani nishati isiyoonekana inayobeba sauti na data, haujulikani kwa macho bali kwa kipimo, kazi ambayo nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Mpimaji hushika fimbo yenye kichwa cha duara, ambamo mna antena ndogo 3 zilizoelekezwa pande 3 ili wimbi linaswe litokako kokote, na kioo cha kifaa huonesha nguvu ya wimbi kwa volti kwa mita. Kikomo cha kimataifa kwa raia katika megahezi 900, yaani mitetemo milioni 900 kwa sekunde, ni takribani volti 41 kwa mita. Ajabu ni kwamba anayeishi chini kabisa ya mnara si lazima apokee mawimbi makali kuliko jirani wa mbali kidogo, kwa kuwa antena za mnara huyatupa mbele, karibu sambamba na ardhi.