Mnyororo wa Markov, kwa Methali ya Mgeni Njoo

Mjukuu wangu yuko mwaka wa pili chuo kikuu hapa London, anasoma hisabati. Majuma matatu yaliyopita alikuja kwetu Kingsbury na daftari lake, akaniambia, "Babu, somo hili nataka kuliacha." Somo lenyewe ni minyororo ya Markov. Mimi nilikuwa karani. Hesabu zangu ni za mapato na matumizi, nilizofunzwa na mapadri skuli. Lakini nilipomtaka anieleze tangu mwanzo, niliona kuwa huyo Markov naye alifanya kazi ya ukarani khasa.

Andrei Markov alikuwa Mrusi wa St Petersburg. Mwaka 1913 alitoa hesabu ya herufi 20,000 za hadithi ya mashairi ya Pushkin, Eugene Onegin, alizozihesabu kwa mkono. (Pushkin huyo, kwa wasiojua, babu yake mama yake alikuwa Mwafrika, Abram Gannibal, aliyechukuliwa utotoni akafikishwa kwa mfalme wa Urusi.) Markov alipata irabu 8,638, yaani kama 43 katika kila mia. Kisha akauliza: herufi ikiwa irabu, inayofuata nayo ni irabu mara ngapi? Mara 13 hivi katika mia. Na ikiwa konsonanti, irabu hufuata mara 66.

Hapo ndipo ulipo mnyororo. Sarafu ukiirusha haikumbuki ilivyoanguka kabla. Herufi inamkumbuka jirani yake, tena jirani mmoja tu, waliotangulia imeshawasahau. Ndiyo sharti lake: kukisia kesho unahitaji hali ya leo, si historia nzima.

Tukajaribu kwa Kiswahili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Herufi 22, irabu 10, konsonanti 12. Baada ya konsonanti, irabu imefuata mara 8 katika 12; zile nne nyingine ni m-g, n-j, m-w na n-y. Irabu zenye kitu nyuma yake ni 9, maana ya mwisho haifuatwi na chochote: mara 7 imekuja konsonanti, mara 2 irabu. Hizo mbili ni "oo" ya njoo, na pale mwenyeji anapokutana na apone. Methali moja ni kidogo mno kuhukumu lugha, lakini kazi ndiyo hiyo hiyo.

Kilichomshinda mjukuu kilikuwa hatua ya mwisho, nami nilimweleza kwa mlango. Huwezi kutoka nyumbani mara mbili bila ya kurudi mara moja. Kwa hiyo katika maandishi marefu, safari za kutoka irabu kwenda konsonanti na safari za kurudi lazima zilingane. Kwa Markov, kutoka ni 87 katika mia, kurudi ni 66. Gawa 66 kwa jumla ya 66 na 87: unapata 43 katika mia, ile ile aliyoihesabu mwanzo. Kijana alinyamaza, akaifanya tena mwenyewe.

Kwa nini mtu mzima ahesabu herufi? Kulikuwa na ugomvi. Pavel Nekrasov wa Moscow, aliyesomea dini kabla ya hisabati, alidai kuwa wastani hutulia pale tu mambo yasipotegemeana. Na kwa kuwa takwimu za matendo ya watu hutulia, basi watu wana hiyari. Markov alionesha mwaka 1906 kuwa hata yanayotegemeana hutulia. Mjukuu akaniuliza kama hayo yanagusa kadari. Kwa maoni yangu, hayagusi. Markov alivunja hoja ya Nekrasov. Hiyari yenyewe aliiacha pale pale ilipokuwa.

Leo mnyororo huu umo katika kupima foleni, na Google ilipoanza mwaka 1998 ilipanga kurasa kwa kumfikiria mzururaji anayehama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila ya kukumbuka alikotoka.

Somo hajaliacha. Jioni ile, baada ya kumaliza kuhesabu, aliitazama karatasi kwa muda kisha akauliza, "Babu, apone maana yake nini?" Mtoto amezaliwa hapa. Nikaweka kalamu chini, nikaanza kumweleza habari za mgeni.